Picha za kijana anayemaliza shule Kigoma: ufukweni, stesheni au miembe ya Ujiji?

Mama mmoja wa Gungu aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu, kisha akaniuliza kwa upole: "Kaka, mbona maji yamemkata mwanangu shingo?"

Nikatazama. Kweli. Kijana wake amesimama ufukweni na suti ya kukodi, jua linazama nyuma yake, na ule mstari ambapo ziwa linakutana na mbingu umepita sawasawa kooni. Siku ile nilikuwa nimeliangalia jua, mtoto wa watu sikumwangalia. Nilirudia kazi bila malipo, safari hii chini ya ukumbi wa stesheni, na hiyo ya stesheni ndiyo iliyotundikwa sebuleni kwao.

Tangu hapo mzazi akiniuliza "tukapigie wapi?" simjibu kwa jina la mahali. Kwanza nauliza kijana mwenyewe yukoje, ana aibu au ni mcheshi, amevaa nini, na atakuwa huru saa ngapi. Hapa Kigoma maombi mengi huangukia sehemu tatu: ufukwe wa Ziwa Tanganyika, stesheni ya reli mjini, na miembe ya Ujiji. Zote tatu zimenipa picha nzuri, na zote zimewahi kuniaibisha.

Tunapima kwa vigezo gani

Mwanga ni wa kwanza, na mwanga wa Kigoma una tabia yake. Tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu linachelewa kwa dakika kama 40. Utosini linafika karibu na saa saba mchana, wala si saa sita. Mahafali mengi ya kidato cha nne huangukia mwezi wa tisa na wa kumi, na wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi ndiyo jua linapita juu ya mji huu wima kabisa. Piga picha saa saba siku hizo uone: paji la uso linang'aa, macho yanakuwa mashimo mawili meusi, pua inaangusha kivuli mdomoni, na shati jeupe la shule linabaki weupe mtupu, hata mfuko hauonekani. Kwa hiyo swali la kila mahali ni saa ngapi pana mwanga laini, na kama pana kivuli cha kukimbilia usipopata saa hiyo.

Cha pili ni mwili, yaani mahali penyewe panampa kijana nini cha kufanya na mikono, mgongo na miguu yake. Hapa ndipo kazi inapoharibika kuliko kwingine kokote, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Kijana wa miaka 17 au 18 mwili umerefuka haraka kuliko alivyouzoea. Mwambie "simama vizuri" atasimama kama yuko paredi, mikono imeganda ubavuni, mabega yote mawili yameikabili kamera kama kabati. Mgeuze kidogo, bega moja liwe mbele. Uzito auweke mguu wa nyuma, goti la mbele lilegee. Mkono mmoja mfukoni, lakini kidole gumba kibaki nje, ukizama wote unaonekana kama umekatika. Mkono wa pili upewe kazi: kushika koti begani, kurekebisha saa, kushika daftari, hata mpira. Kidevu akitoe mbele kidogo kisha akishushe kidogo, maana wavulana wengi wakitaka kuonekana wanaume huinua kidevu, na kamera inaishia kupiga matundu ya pua. Akikaa, aweke magoti kwa nafasi, aegemeze viwiko juu ya mapaja na kuinama mbele kidogo. Huo ndio mkao ninaouamini kuliko yote kwa mwenye aibu, kwa sababu mikono inakutana yenyewe na mgongo unapata sababu ya kuinama.

Na wewe mwenye kamera, usikate picha kwenye kiungo. Kata katikati ya paja, usikate gotini. Kata juu ya kiwiko, usikate kwenye kiwiko chenyewe. Picha ya mwili mzima piga kamera ikiwa usawa wa kifua au kiuno, miguu isionekane mifupi. Kama unatumia simu, usimsogelee, kwani lenzi pana ya simu huvuta pua na paji la uso. Rudi nyuma hatua kadhaa utumie lenzi ya kukuza mara 2 kama simu yako inayo.

Cha tatu ni kinachoonekana nyuma yake: kinamsaidia au kinashindana naye? Cha nne ni watu na ruhusa. Kijana anayetazamwa na wapita njia 20 hacheki, hata umwambie nini.

Ufukweni mwa Ziwa Tanganyika

Mwanga. Jua linazama upande wa Kongo, juu ya maji, na hapo ndipo uzuri na mtego vinapokaa pamoja. Mwezi wa kumi linazama kabla kidogo ya saa moja jioni, mwezi wa tatu linaipita saa moja kwa takriban robo saa. Likishazama usingoje, kwetu huku karibu na ikweta giza halichelewi. Muda wenu mzuri ni kama saa moja tu kabla ya machweo na dakika chache baada yake. Mtego ni kwamba kijana akiwa amelipa jua mgongo, kamera inaangalia mwanga mwingi wa nyuma na uso wake, hasa mwenye ngozi nyeusi tititi, unageuka kivuli. Gusa uso wake kwenye skrini, uvute mwanga juu hadi uso uonekane, ukubali mbingu ipoteze rangi kidogo. Au mtu ashike shuka jeupe mbele yake, chini ya usawa wa kifua, lirudishe mwanga usoni. Au fanya ninavyofanya mimi mara nyingi: mgeuze jua limpige ubavuni, ziwa liwe upande mmoja wa picha. Machweo utayakosa nusu, kijana utampata mzima.

Mwili. Ufukwe mtupu hauna pa kuegemea. Watu hawalifikirii hili. Maji, mchanga, mbingu, na katikati yake kijana mmoja hajui mikono aipeleke wapi. Dawa yake ni mtumbwi uliovutwa nchi kavu: anaketi ukingoni, mguu mmoja chini mmoja juu, au anauegemea kwa nyonga. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa sababu taa zao hazivuti samaki mbele ya mwezi mpevu, na mitumbwi hujaa ufukweni. Panga siku hizo ukiweza. Kama hakuna mtumbwi, mtembeze. Aje kuelekea kwako taratibu, akiangalia pembeni, wewe piga mfululizo. Katika picha 15 mbili zitakuwa na hatua nzuri.

Nyuma yake. Mstari wa maji usipite shingoni wala kichwani, nimeshalipia somo hilo. Shusha kamera mstari ushuke kifuani au kiunoni, au chuchumaa kichwa chote kiwe mbinguni. Hakikisha pia mstari umelala sawa, ziwa lililoinama linamchosha mtazamaji hata asijue sababu. Mweke kijana kwenye theluthi ya picha, si katikati, na nafasi ibaki upande anaotazama. Mitumbwi inayotoka jioni kwenda kuvua itakujazia nafasi hiyo bila kuiomba. Mwisho wa kiangazi, hewa ikiwa na moshi na vumbi, milima ya Kongo hupotea. Baada ya mvua huonekana ya bluu, imekatwa kama kwa wembe.

Watu na ruhusa. Kibirizi na Katonga ni sehemu za kazi. Dagaa wameanikwa, akina mama wanageuza, watoto watakusanyika. Omba kwa mwenye mtumbwi kabla ya kumkalisha mtu juu yake, msalimie, "mwakeye" moja ya Kiha inafungua milango. Fukwe za kulipia kiingilio nje ya mji, upande wa Katonga, zina utulivu zaidi.

Anayefaa. Mcheshi, mwanamichezo, kijana aliyekulia majini. Nguo nyepesi: shati la mikono iliyokunjwa, suruali ya kitambaa, hata miguu mitupu. Suti ufukweni huonekana kama imepotea njia, na viatu vya kukodi vikijaa mchanga mtajuana na mwenyewe.

Stesheni ya reli

Jengo hili lilijengwa na Wajerumani mwisho wa reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Linasimama chini kabisa ya ile barabara inayoshuka kutoka mtaa wa Mwanga, na kwa anayepiga picha za watu ni kama studio iliyosahauliwa wazi.

Mwanga. Chini ya ukumbi wenye matao kuna kivuli, na mwanga unaingia kutoka upande mmoja tu. Ndiyo maana pale nina ujasiri wa kukubali kazi hata ya saa nane mchana. Msimamishe hatua moja au mbili ndani ya kivuli, uso wake ukielekea nje. Nusu ya uso itang'aa, nusu itafifia taratibu, na taya la kijana anayeanza kuwa mwanaume litachorwa vizuri kuliko kwa jua lolote. Asisimame pale jua na kivuli vinapokutana, mstari utampasua uso.

Mwili. Nguzo! Bega moja kwenye nguzo, mguu umevuka mwingine, mikono imekunjwa kwa ulegevu, vidole vionekane. Ngazi za kukalia. Ukuta wa kuegemeza mgongo na unyayo mmoja. Mpe begi la safari mkononi na papo hapo picha ina maana, kijana anaondoka nyumbani. Kwa mwenye aibu stesheni haina mpinzani, jengo linambeba.

Nyuma yake. Matao yanampa fremu ndani ya fremu. Kichwa kiwe katikati ya uwazi wa tao, si mbele ya ukingo wake, la sivyo nguzo itaonekana kama imemwota kichwani. Weka mistari ya jengo wima. Simu ukiiinamisha juu jengo zima linaanguka nyuma.

Sasa neno moja kuhusu reli. Vijana wanaipenda ile picha ya kutembea juu ya mataruma, mistari miwili ikikutana mbali. Sipigi. Kwanza ni hatari, pili ni eneo la shirika la reli, si uchochoro wa mtaani. Mistari ile ile ya kuvuta jicho unaipata kwenye safu ya nguzo.

Watu na ruhusa. Hapa ndipo stesheni inapopoteza alama zake. Ingia ofisini kwanza, jieleze, onyesha kijana ni mwanafunzi na picha ni za mahafali. Unaweza kukubaliwa, unaweza kuambiwa urudi kesho, na ukikataliwa usibishane. Siku ya treni ya abiria usijaribu kabisa. Wengine huniuliza pia kuhusu Liemba, meli ile iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuja kuunganishwa hapa hapa Kigoma. Bandari ina geti na ulinzi wake, ruhusa ya stesheni haivuki kule.

Anayefaa. Suti, sare kamili ya shule yenye tai, kanzu iliyopigwa pasi. Mrefu anapendeza zaidi, kwa kuwa matao yanampa urefu wa kulingana naye. Picha ya kutundika sebuleni hupatikana hapa kwa urahisi kuliko kwingine.

Miembe ya Ujiji

Mwanga. Kivuli cha mwembe kinadanganya. Unaona kiza cha baridi, unadhani umefika, kisha kwenye picha uso wa kijana una madoa ya jua kama chui. Na pale kivuli kilipo kizito, majani yanatupa ukijani kwenye shati jeupe na mashavuni. Usiende shinani. Simama ukingoni mwa kivuli, hatua moja kabla ya jua, kijana akitazama nje kwenye uwazi. Ardhi nyekundu iliyopigwa na jua mbele yake itamrudishia mwanga wa joto usoni, ambao kwa ngozi zetu ni mzuri ajabu. Hata shuka jeupe hulihitaji. Kabla ya saa nne asubuhi ni bora zaidi, jua bado linaingia kwa ubavu chini ya matawi.

Mwili. Shina la kuegemea lipo, lakini ni pana na lina magamba, shati jeupe litachukua uchafu. Mizizi na mawe ya kukalia yapo. Ninachokipenda zaidi Ujiji ni baraza za nyumba za zamani njiani. Kijana anaketi barazani, babu yake pembeni, na ghafla mikono haina tatizo tena kwa sababu wanaongea. Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, watu wake wanajua kuketi na mgeni.

Nyuma yake. Majani ni mengi na yana vurugu. Mtoe kijana mbali na mti, mita 4 au 5 ukiweza, ili nyuma ififie. Mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapa mwaka 1871, wengi wanataka uingie kwenye picha. Mimi humuuliza mwenyewe: unataka picha yako, au picha yako na mnara? Kwa kijana anayekwenda kusoma historia una maana. Kwa mwingine ni jiwe tu linalomnyang'anya macho ya watu. Kukiwa na michikichi karibu, makuti yake yakiwa nyuma na mbali yana mpangilio safi kuliko mwembe, na hakuna atakayeuliza picha imepigwa mkoa gani.

Watu na ruhusa. Eneo la kumbukumbu lina makumbusho na wahudumu wake, unaingia kwa utaratibu wao. Mitaani omba mwenye baraza. Watoto watawafuata, wape dakika 2 uwapige wao kwanza uwaonyeshe, kisha watakuachia.

Anayefaa. Anayetaka ndugu waingie pichani, mwenye kanzu na kofia, na kijana anayependa kuongea kuliko kuweka pozi. Pia familia yenye nafasi asubuhi tu.

Kabla hamjachagua

Ugomvi wa kweli, nimegundua, si wa mahali. Mama anataka mwili mzima, viatu vionekane, uso mweupe wa tabasamu. Kijana anataka kutazama pembeni, amekunja uso, ya kuweka status. Pigeni zote mbili na msianze na ya kijana. Ya mama ikiisha dakika 10 za mwanzo, akae pembeni anywe soda, na hapo mtaona mtoto anafunguka. Paji la uso lifutwe mafuta, simu zitoke mifukoni, vifungo vikaguliwe. Mpiga picha anayeziona hizo ndani ya kompyuta amechelewa.

Kwa hali yako

Kijana ana aibu na mna jioni moja tu: stesheni, nguzo ya pembeni, mkao wa kukaa kwanza ndipo kusimama. Mkinyimwa ruhusa msirudi nyumbani kununa, kibaraza chochote chenye kivuli na ukuta wa rangi moja kinafanya kazi ile ile.

Mcheshi asiyetulia: ufukweni, saa kumi na mbili jioni, na mpira au nguo ya kubadilisha.

Mahafali yanaisha saa saba mchana na mpiga picha analipwa siku hiyo hiyo: si ufukweni. Stesheni, au ukingo wa kivuli Ujiji mkiwa mnaelekea huko kwa shughuli ya nyumbani.

Bibi hawezi kutembea mbali na anataka awe kwenye picha: Ujiji, barazani, asubuhi.

Mfuko umebana na kamera ni simu ya mjomba: ufukwe wa bure, jua likiwa ubavuni mwa kijana, mtumbwi wa kuazima, na mjomba arudi nyuma hatua tano.

Suti ni ya kukodi na inarudishwa kesho asubuhi: popote, ila pasiwe na mchanga wala utomvu wa mwembe.